Mashine Mpya za Mionzi, na Mgonjwa wa Murungu Atalala Wapi?

Tiba ya mionzi haipatikani Kibondo wala Kasulu. Mgonjwa wa Murungu anayeandikiwa tiba hiyo hupanda basi kupitia Nyakanazi kwenda Bugando, Mwanza, au huvuka nchi, zaidi ya kilomita 1,000, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Akifika, si suala la siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mionzi hutolewa siku tano kila wiki, kwa wiki tano hivi.

Ndiyo maana ukarabati wa mashine ni jambo la kaya. Kwa miaka mingi Ocean Road ilitegemea mashine za kobalti. Kobalti hutoa mionzi yenyewe, usiku na mchana, na kila baada ya miaka mitano na ushei nguvu yake hubaki nusu. Dakika mbili za mgonjwa huwa nne, na foleni hurefuka. Chumba hupakwa rangi kikapendeza, lakini chanzo kisipobadilishwa, mgonjwa hajafaidi kitu. Mwaka 2018 taasisi hiyo ilianza kutumia mashine za LINAC, zinazozalisha mionzi kwa umeme na kuielekeza kwenye uvimbe kwa usahihi zaidi. Nazo zinadai haki yake: umeme usioyumba, ubaridi, kuta nene za zege na fundi wa karibu.

Huko Marekani, hospitali ya Loma Linda, California, hutibu kwa protoni tangu 1990. Chembe hizo huachia sehemu kubwa ya nguvu zao ndani ya uvimbe na kukomea hapo. Ni neema, hasa kwa watoto. Afrika Mashariki hatujafika huko, na kwa maoni yetu hilo si pengo la kwanza la kuziba.

Pengo la kwanza ni malazi. Mgonjwa asiyelazwa wodini, pamoja na ndugu anayemhudumia, huhitaji chumba na chakula kwa wiki zote hizo. Vikikosekana hurudi nyumbani tiba ikiwa nusu, na uvimbe ukapata nafasi ya kukua tena. Msafiri aliyeishiwa njiani ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Tunawaomba maimamu wa Kibondo na Kasulu wamkumbuke huyu wanapogawa, na wenye nyumba wa Dar es Salaam na Mwanza wafikirie kuweka wakfu japo chumba kimoja, karibu na hospitali.