Makovu ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Tumbo: Mitishamba Ina Nafasi Gani?

Kidonda cha upasuaji wa tumbo kinapofunga kwa nje, uponyaji mwingine huendelea ndani. Matumbo, kizazi na ukuta wa tumbo hufunikwa na utando laini wenye unyevu, unaoviwezesha viungo hivyo kuteleza bila kukwaruzana. Utando huo ukijeruhiwa au kukauka, hutoa majimaji yenye fibrini, yaani nyuzi zilezile zinazogandisha damu. Kwa kawaida mwili huziyeyusha ndani ya siku chache. Zisipoyeyuka, hugeuka kovu gumu linaloshikanisha viungo vilivyopaswa kuachana.

Wengi wenye makovu haya hawapati dalili yoyote. Wengine hupata maumivu, ugumu wa kushika mimba, au kuziba kwa utumbo hata baada ya miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi huuliza kuhusu manjano, asali na habasoda. Swali hilo lina msingi: vitu hivi vimejaribiwa kwa panya wa maabara, na baadhi ya majaribio yalionyesha makovu kupungua. Hata hivyo, mara nyingi asali au mafuta ya habasoda yaliwekwa moja kwa moja ndani ya tumbo wakati wa upasuaji, hayakunywewa. Kiini cha manjano nacho, kikimezwa, hufyonzwa kwa kiasi kidogo sana. Zaidi ya hayo, msingi wa kovu hujengwa katika wiki ya kwanza. Dawa inayoanzwa mwezi mmoja baadaye huwa imechelewa. Hadi sasa hakuna mtishamba uliothibitishwa kuzuia makovu haya kwa binadamu.

Kinga iliyo na ushahidi zaidi huanzia mikononi mwa daktari wa upasuaji: kushika viungo kwa upole, kuzuia damu kuvuja, kutunza unyevu wa utando, kutumia glovu zisizo na unga, na inapofaa, kupasua kupitia matundu madogo. Zipo pia karatasi laini zinazotenganisha viungo kwa muda, kisha kufyonzwa na mwili.

Chakula chenye manjano au tangawizi hakina ubaya kwa walio wengi. Lakini dozi kubwa za manjano, tangawizi au kitunguu saumu zaweza kuongeza uvujaji wa damu, hasa kwa anayetumia warfarini. Daktari aelezwe kila dawa ya asili kabla na baada ya upasuaji.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Aliyewahi kupasuliwa tumbo akipatwa na msokoto wa tumbo, kutapika, tumbo kujaa, na kushindwa kupata choo au kutoa hewa, huenda utumbo wake umeziba. Dawa ya kuharisha, iwe ya dukani au ya mizizi, hulazimisha utumbo kusukuma mahali palipofungwa, na huweza kuutoboa. Mgonjwa huyo asipewe chochote kwa mdomo. Apelekwe hospitali saa ileile.