Ng'ombeni Si Ngómbeni



Hivi karibuni nilikabidhiwa tangazo la msiba nilisome hewani. Marehemu, liliandikwa, atazikwa "Ngómbeni". Nikasita. Kijiji cha jina hilo hakipo Pemba nzima. Ng'ombeni ndiyo iliyopo, kule Mkoani. Nikasoma inavyopasa, kisha nikamwuliza kijana aliyelipiga chapa, "Mwanangu, hii nini?" Akanijibu, "Ami, kompyuta ndiyo inayokataa."

Kijana hakusema uongo. Kibodi hufanana kwa sura, lakini mpangilio wa ndani ni mbali mbali. Kwenye mpangilio wa Kimarekani, Shift na 2 hutoa @. Kwenye ule wa Uingereza hutoa alama ya kunukuu. Upo na mwingine, US International, uliokusudiwa lugha zenye alama juu ya herufi. Humo ritifaa, yaani kile kialama cha ng', haitokei papo hapo. Husubiri herufi inayofuata, na ikija irabu humpanda kichwani. Dawa yake ni nyepesi: bonyeza ritifaa, halafu kitufe cha nafasi, ndipo uandike o.

Na zile kompyuta tunazoletewa na jamaa zetu wa Maskati? Ikiwa imewekwa Kiarabu, kitufe hicho hicho hutoa ط. Kwa kawaida kwenye Windows, Alt ya kushoto pamoja na Shift hukurudisha kwenye herufi za Kirumi.

Wengi huchoka, wakaiacha ritifaa kabisa. Hapo ndipo penye hasara. Kung'oa ni kazi ya mwenye shamba la muhogo. Ngoa ni wivu na tamaa. Tena mashine haina busara ya kukisia kama mimi siku ile. Jina likiandikwa kwa ritifaa katika cheti na bila ritifaa katika orodha, mashine yaweza kuyaona majina mawili, na mwenyewe akaambiwa hayumo.

Basi enyi mnaoandika vyeti, orodha za skuli na matangazo ya misiba, ritifaa si pambo. Ni sehemu ya sauti yetu, na pengine ndiyo itakayomfikisha mtu kwenye maziko ya nduguye.

Hadi juma lijalo, kwaherini.