Kinyama cha jicho si suala la sura tu

Pita Kunduchi kwa wapondaji kokoto au kwenye kijiwe cha bodaboda Mwananyamala, hutakosa kuona jicho lililoota kinyama chekundu upande wa pua. Wengi wanaotaka kukitoa wanasukumwa na aibu: macho mekundu huwapa sifa ya ulevi au bangi wasiyoistahili. Hamu yao ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba kukata ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Kuna pinguekula, kiuvimbe cha manjano kinachoishia kwenye weupe wa jicho. Hicho mara nyingi hakihitaji kisu. Terijiamu ni nyingine. Hutambaa juu ya konea, kile kioo cha mbele, hukivuta mpaka umbo lake likabadilika na kuona kukafifia. Chanzo kikuu ni miale ya jua, ikisaidiwa na vumbi na upepo. Nuru inayoingia kutoka upande wa sikio hupindishwa na konea, ikakusanyika ukingoni karibu na pua. Ya upande wa pili huzuiwa na pua yenyewe. Kwa hiyo miwani ya jua isiyoziba pembeni hulinda nusunusu.

Daktari akikata na kuacha kidonda wazi, kinyama hurudi kwa wagonjwa wengi, pengine kikubwa kuliko cha kwanza. Tangu Kenneth Kenyon na wenzake wachapishe matokeo yao mwaka 1985, njia inayoaminika ni kuchukua kipande cha utando wa jicho la mgonjwa mwenyewe, sehemu inayofunikwa na kope ya juu, na kukipandikiza palipokatwa. Huchukua muda zaidi na hutaka mkono uliozoea, ingawa ganzi ya jicho hutosha na mgonjwa hulala kwake siku hiyohiyo.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. Saratani ya uso wa jicho, ambayo watafiti wa Kampala walionyesha mwaka 1995 kuwa inahusiana na VVU, huweza kufanana sana na terijiamu. Nchini Kenya, utafiti wa Stephen Gichuhi na wenzake uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa matone ya fluorourasili baada ya upasuaji yalipunguza kurudi kwa ugonjwa huo kutoka asilimia 36 hadi 11. Atapewaje matone hayo mtu ambaye nyama yake ilitupwa bila kupimwa?

Matone ya deksamethasoni yanayonunuliwa kiholela hupunguza wekundu tu. Yakizoeleka huleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Afadhali nauli ya kwenda CCBRT, Msasani, au kliniki nyingine ya macho. Kabla ya kukubali kisu, uliza: utando utapandikizwa? Nyama itakwenda maabara? Nani atanifuatilia mwaka wa kwanza, ambapo kinyama hurudi zaidi?