Mbwa, Kasa na Ufuko Uliojitenga

Ufuko uliojitenga, usio na taa wala makelele, humvutia mtu apendaye kutembea na mbwa wake. Ufuko wa namna hiyo ndio pia uchaguliwao na kasa, kama ilivyo katika kisiwa cha Juani, karibu na Mafia. Je, wageni hawa wanaweza kukutana pasipo madhara?

Kasa jike hupanda pwani usiku, akafukua shimo na kutaga mayai yapatayo 100. Kisha hulifukia, akarejea baharini. Hayaatamii mayai yake. Joto la mchanga ndilo liyaangualo kwa muda wa miezi miwili hivi. Joto hilo huamua pia jinsia ya watoto: likizidi nyuzi 29 hivi za Selsiasi, wengi huwa majike, likipungua, wengi huwa madume.

Shimo lililofukiwa ni vigumu kuonekana kwa macho. Lakini mbwa huongozwa na pua, yenye chembe za kunusia zaidi ya milioni 100, hali binadamu anazo milioni chache tu. Hunusa mayai, akafukua, na kwa dakika chache akaangamiza kizazi kizima. Hata mayai asiyoyala hukauka kwa jua. Hasara hiyo si ndogo, kwani kasa huweza kuchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga, na ni wachache mno wafikao umri huo.

Mbwa naye yumo hatarini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, lakini majimaji ya mwili yana gramu 9 tu. Mbwa akinywa maji hayo, chumvi huvuta maji ya mwilini yaingie matumboni. Matokeo yake ni kutapika, kuhara na kiu kali. Akinywa mengi huweza kufa.

Kwa hiyo mwenye mbwa amfunge kamba, amtembeze mchana kwenye mchanga ulowanao maji yajaapo, ambako kasa hatagi, na achukue maji matamu ya kumnywesha.

Jaribio: Mbali na mahali watagapo kasa, fukieni kipimajoto kimoja juu juu mchangani na kingine kwenye kina cha sentimeta 50. Visomeni alfajiri na adhuhuri. Mtaona kuwa joto la juu hubadilika sana, bali la chini hubadilika kidogo tu. Hapo mtafahamu kwa nini kasa huchimba shimo lenye kina.