Uhai wa Jumba la Sinema la Skrini Moja: Mfano wa Maratha Mandir, Mumbai

Majumba ya skrini nyingi, yaliyoanza kuenea nchini India kuanzia mwaka 1997, yana kinga ambayo jumba la skrini moja halina: filamu ikikosa watazamaji huhamishiwa ukumbi mdogo, na nyingine ikachukua nafasi yake. Maratha Mandir, lililofunguliwa mwaka 1958, limeikabili hatari hiyo kwa kugawanya siku badala ya ukumbi. Tangu Oktoba 1995, ukiondoa kipindi cha UVIKO-19, limekuwa likionyesha Dilwale Dulhania Le Jayenge, ambayo kwa miaka mingi imetengewa onyesho moja tu la mchana kwa tiketi ya bei nafuu. Saa zilizobaki huachiwa filamu mpya. Desemba 2014 filamu hiyo ilitimiza wiki 1,000. Februari 2015 ilitangazwa kuwa ingeondolewa, lakini uamuzi huo ukatenguliwa kutokana na malalamiko ya watazamaji.

Udumifu huu aghalabu huelezwa kwa mapenzi ya watu kwa filamu yenyewe. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Jumba lipo jirani na kituo cha reli cha Mumbai Central, na miongoni mwa watazamaji wake wamo abiria wanaosubiri treni. Kwa hao, tiketi hununua pia zaidi ya saa tatu za kuketi kivulini. Hivyo, jumba jingine likitaka kuiga ratiba hii, halina budi kwanza kubaini ni nani katika mtaa wake aliye na nafasi saa hizo.