Mizizi ya Mpunga Nayo Huhitaji Hewa

Mwaka 1983, katika shule ya vijana wakulima karibu na Antsirabe, kwenye nyanda za juu za Madagaska, ukame ulivuruga ratiba ya upandaji. Miche ya mpunga ikahamishiwa majarubani ikiwa na siku 15 tu, mapema kuliko desturi. Padri Henri de Laulanié, Mjesuiti kutoka Ufaransa aliyefika kisiwani humo mwaka 1961, alishangaa kuona kila mche ukitoa machipukizi mengi kuliko alivyozoea.

Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu ambao Tanzania huitwa kilimo shadidi cha mpunga. Hauhitaji mbegu mpya. Kinachobadilika ni namna ya kutunza mche, maji na udongo. Miche hung'olewa kitaluni kwa uangalifu ikiwa na siku 8 hadi 12, kisha hupandwa mmoja mmoja kwa mistari, sentimita 25 kwa 25. Aliyezoea kuchomeka miche minne au mitano katika shimo moja hudhani jaruba limebaki tupu. Wiki chache baadaye machipukizi huziba nafasi zote.

Sababu iko chini ya tope. Mpunga huvumilia maji kwa kuwa una mirija ya ndani inayoshusha oksijeni hadi mizizini, lakini uvumilivu huo una mpaka. Maji yakituama msimu mzima, udongo huishiwa hewa, na mizizi mingi huwa imeoza mpunga unapochanua, wakati ambapo mmea unakaribia kuhitaji nguvu ya kujaza punje. Humo humo, vijidudu visivyotumia oksijeni huzalisha methani, gesi inayoongeza joto la dunia.

Kwa hiyo mkulima hufungulia maji, huyaacha yakauke hadi nyufa ndogo zionekane, kisha hufungulia tena.

Maji yasipotuama, magugu nayo hupata nafasi, na kazi ya palizi huongezeka. Kipalizi cha kusukuma kwa mkono, kinachopita kati ya mistari, huyang'oa na kuyafukia yaoze, huku kikiingiza hewa kwenye udongo. Samadi na mboji hukamilisha kazi hiyo. Mabua nayo ni mali: potasiamu nyingi iliyofyonzwa na mpunga hubaki humo, na yakichomwa nitrojeni yake hupotea pamoja na moshi. Azola, mmea mdogo unaoelea majini, hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani, na ikifukiwa hugeuka mbolea.

Nchini Kenya, Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta aliongoza majaribio ya utaratibu huu katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea kuanzia mwaka 2009, kwenye mashamba yanayonyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Wanasayansi wamebishana vikali kuhusu baadhi ya taarifa za mavuno makubwa mno kutoka Madagaska, na ni kweli kwamba utaratibu huu hukwama pale jaruba lisiposawazishwa au mfereji usipokuwa na njia ya kutolea maji. Lakini katika skimu, faida haiishii kwenye jaruba moja. Wakulima wa mwanzo wa mfereji wanapoacha mashamba yao yakauke kwa siku chache, maji hupata nafasi ya kuwafikia wenzao wa mwisho, ambao kila kiangazi hungoja zamu yao huku miche ikinyauka.