Mbwa wa Mashimoni: Je, Teria Aweza Kukamata Sungura?

Katika nchi ya Uingereza wako mbwa wadogo ambao kazi yao ya asili ni kuingia katika mashimo ya wanyama. Mbwa hao huitwa teria, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Watu huwasifu sana kwa ushujaa, na wengine hudhani kwamba mwenye teria mmoja hatakosa kitoweo cha sungura nyumbani mwake. Je, sifa hiyo ni ya kweli? Twataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa maana mtu asiyejua kazi ya mbwa wake humtesa mbwa bure, na mwenyewe hupata hasara.

Mbwa hawa si wa jana. Mwaka 1570 tabibu mmoja Mwingereza, John Caius, alitoa kitabu kwa Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake, na humo aliwataja mbwa wanaoingia chini ya ardhi kuwafuata mbweha na baja, mnyama wa jamaa ya nyegere wetu. Baadaye, mwaka 1819, kijana aitwaye John Russell, aliyekuwa akisoma Oxford, alinunua kwa muuza maziwa teria jike mweupe aitwaye Trump. Kijana huyo akawa kasisi katika jimbo la Devon, akaendelea kuzalisha mbwa wa namna hiyo maisha yake yote hata alipofariki mwaka 1883. Ndio asili ya mbwa wanaojulikana leo kwa jina lake, Jack Russell.

Sasa tutazame umbo la mbwa huyu, kwa kuwa umbo ndilo linaloonyesha kazi. Jack Russell wa kimo cha kawaida husimama sentimeta 25 hadi 30 begani, na uzito wake ni yapata kilo 5 au 6. Mtu anayemchagua mbwa wa kazi humshika kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa viganja viwili. Vidole vikikutana, mbwa huyo atapita shimoni; visipokutana, kifua ni kipana mno, naye aweza kukwama. Basi twaona kwamba hapo kale wafugaji hawakutafuta miguu mirefu ya mbio. Walitafuta kifua chembamba, taya zenye nguvu, sauti kali na moyo usioogopa giza.

Upande wa pili yupo sungura mwenyewe. Sungura wa mwitu wa Uingereza asili yake ni Hispania na nchi zilizo karibu nayo, na alipelekwa huko na Wanormani zamani sana ili afugwe kwa nyama na ngozi. Yeye huchimba mashimo yenye milango mingi, na hukaa humo na wenziwe kwa makundi. Huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na mimba yake ni ya siku 30 tu au zaidi kidogo. Mashamba ya nafaka na mboga yaliyo karibu na mashimo hayo huharibiwa sana. Kwa hiyo mkulima wa huko humhesabu sungura kuwa adui wa shamba, si kitoweo tu.

Je, teria aweza kumkamata? Katika uwanja ulio wazi jibu letu ni hapana, isipokuwa kwa bahati. Sungura huyu hukimbia kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa au kupita, tena hukata kona ghafula, wala hatoki mbali na mlango wa shimo lake. Teria mwenye miguu mifupi humfukuza kwa kelele nyingi, na mwisho husimama mlangoni akihema. Wanaotaka kukamata sungura kwa mbio hutumia mbwa wengine, kama whippet, mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu. Hata shimoni teria mara nyingi hashindi, kwa kuwa shimo la sungura aghalabu ni jembamba kuliko la mbweha, naye hawezi kuingia.

Lakini tusimdharau. Kwanza, teria hupenya katika vichaka vya miiba ambamo mbwa wa mbio hathubutu kutia pua, na huwatoa sungura waliojificha humo, wakaangukia katika nyavu au mbele ya bunduki ya mwenyewe. Pili, pua yake hujua ni shimo lipi lenye sungura na lipi ni tupu. Hapo mkulima hufunika milango kwa nyavu ndogo, kisha huingiza fereti, mnyama mwembamba wa kufugwa wa jamaa ya kicheche. Fereti hupita ndani, sungura hutoka mbio kwa hofu, na hunaswa wavuni. Tatu, teria hukamata sungura mchanga, au aliyelala nyasini bila habari, au mgonjwa. Mwaka 1953 ugonjwa uitwao miksomatosisi uliingia Uingereza, ukaua zaidi ya sungura tisa katika kila kumi kwa muda wa miaka michache. Ugonjwa huo huvimbisha macho hata sungura haoni, na sungura wa namna hiyo hata mbwa mzito humpata.

Kazi ambayo teria haishindwi hasa ni ya panya. Panya hawezi kukimbia mbali. Hutegemea tundu, magunia na rundo la majani. Teria humdaka, humtikisa mara moja au mbili, akamwacha amekufa, akamrukia mwingine. Kuna habari ya mbwa mmoja wa London aitwaye Billy, ambaye mwaka 1823 aliua panya 100 kwa muda wa dakika 5 na nusu. Mchezo ule ulikuwa wa kamari na ukatili, wala hatuusifu; lakini unatufundisha neno moja. Panya wale walikuwa wamefungiwa katika kiwanja chenye kuta, hawana pa kukimbilia. Ndipo nguvu ya teria ilipo: mahali pembamba, karibu, ambapo mnyama hana njia ya kutoka.

Kuhusu mbweha na baja, mambo yamebadilika. Katika England na Wales, Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwezi wa Februari 2005, imekataza kuwinda wanyama wa mwitu kwa mbwa, ila kwa nafasi chache zilizotajwa. Panya na sungura wa mashimo wameruhusiwa, endapo mwenye ardhi amekubali. Kumtia mbwa shimoni kumtafuta mbweha kumefungwa kwa masharti makali. Baja hulindwa na sheria ya mwaka 1992, na mtu anayemtia mbwa katika shimo lake bila idhini hushtakiwa.

Tena kazi ya shimoni ni ya hatari kwa mbwa mwenyewe. Udongo huweza kumfukia, au akakwama kati ya mawe asiweze kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo wawindaji wa siku hizi humvika ukanda wenye chombo kidogo cha kupeleka mawimbi ya redio, ili wajue mahali alipo na kumchimbua upesi. Mbwa wa panya naye yafaa achanjwe, kwa kuwa mkojo wa panya huleta ugonjwa wa leptospirosisi, unaoharibu figo na ini, nao huwapata watu pia. Na mahali palipowekwa sumu ya panya mbwa asiachwe awinde, kwani akila panya mwenye sumu huweza kufa.

Huenda msomaji wetu akauliza: habari hizi zatuhusu nini sisi? Zatuhusu hivi. Neno letu sungura hutaja wanyama wawili. Sungura wafugwao katika vibanda ni wa uzao wa yule wa Ulaya, mchimba mashimo. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Lakini sungura wa nyika zetu, yule wa hadithi, ni mwingine. Yeye hachimbi shimo. Hulala katika nyasi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho wazi. Akifukuzwa hakimbilii shimoni, bali hutegemea miguu yake, ambayo ni mirefu kuliko ya mwenziwe. Basi mtu atakayenunua teria kwa fedha nyingi ili awinde sungura wa nyikani amenunua ufunguo wa mlango usiokuwapo.

Na mashimo ya kwetu yana wenyewe. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, ili pembe zake zielekee mlangoni. Nungunungu ana miiba, na nyoka hupenda mashimo yaliyoachwa. Mbwa mdogo mwenye moyo mkubwa akiingia humo hatarudi kwa kiburi kama alivyoingia. Zaidi ya hayo sheria ipo. Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na katika Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka mwindaji awe na kibali. Kuwa na mbwa hodari si kibali. Twawasihi wazee na walimu wawaeleze vijana jambo hili, wasije wakapelekwa mahakamani kwa ajili ya mnyama mmoja.

Lakini mtu mwenye ghala la mahindi linaloliwa na panya, huyo aweza kumfaidi teria kweli kweli, mradi amchanje, amlishe vizuri na asitumie sumu. Basi kwa ufupi: teria si mbwa wa mbio, ni mbwa wa kutafuta, kutoa na kukaba. Tukimpa kazi yake, atatushangaza. Tukimpa kazi ya mwingine, tutamlaumu bila haki. Wahenga walisema, kila mlango na ufunguo wake, na neno hilo lafaa kwa mbwa kama lifaavyo kwa watu.